Nafasi Niliyowalindia Ufukweni

Ninyi mlionifuata tangu mwanzo mnajua nimezikwa mara ngapi nikiwa hai. Kwa aliyenikuta leo nitasema kwa ufupi. Naitwa Librada. Mume wangu Eleuterio alikufa na lori lake kwenye miteremko ya barabara kuu. Kiwanda nilichokuwa nashonea suruali kikafunga milango. Nikabaki hapa Ensenada, kwenye nyumba ya kilimani, na mama mkwe wangu, Mama Chayo, mwenye miaka themanini na ushee. Mungu hakunipa mtoto. Nilichobaki nacho duniani ni yule bibi, na chumba cha nyuma alichoniambia ni changu mpaka nife.

Wiki iliyopita niliishia pale Heriberto, mdogo wake marehemu mume wangu, alipobisha hodi na keki mkononi baada ya miaka ya kimya.

Shemeji sikumwamini. Niliiamini keki. Mama Chayo alikula kipande, akaomba kingine, akalia kwa furaha kama mtoto aliyesamehewa.

"Mama," Heriberto akasema, "Juma Kuu hili tunakupeleka baharini. Na si ufuko mmoja. Tunashuka na rasi yote kama zamani za baba. Tunaanza Ghuba ya Malaika, tunalala. Tunakwenda Concepción, tunalala. Tunaishia Loreto, unamwona Bikira wako. Mahema, moto, chaza wa kuchoma. Ukifa baada ya hapo usiseme hatukukupeleka."

"Nani atapanga safari?" Mama Chayo akauliza. "Wewe hata viatu vyako hujui kuvipanga."

Heriberto akanigeukia, anatabasamu. "Msomi wetu si yupo? Nasikia shemeji anakwenda shule jioni."

Ni kweli. Nimejua kusoma nywele zikiwa na mvi, kwenye darasa la jioni nyuma ya kanisa, nikikaa benchi moja na wapishi na walinzi. Kitabu cha kwanza nilichomaliza ni Zaburi. Sikuona haya wakati ule na sioni sasa.

"Utufanyie kazi hii vizuri, shemeji," akasema, na sauti yake ikawa laini. "Tukirudi, tutakaa sote mezani tuzungumze habari ya wewe kuishi hapa na Mama moja kwa moja. Mtu asije akakusumbua."

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo yaliyoninunua. Hayakuwa ghali.

Tulipanga jikoni, jioni baada ya darasa. Mimi na penseli, Mama Chayo na kumbukumbu zake.

"Unaanza na maji," alisema. "Ukimaliza maji, unaongeza maji. Ndipo unakumbuka chumvi."

"Na jenereta," Heriberto akasema. "Na spika."

"Spika ya nini? Ijumaa Kuu utampigia Yesu ngoma?"

Maricruz, mkewe, alikuwa anapaka kucha rangi. "Mimi naulizia choo. Kule choo kiko wapi?"

"Jangwa lote ni lako, binti. Wewe tafuta tu dungusi lisilo na miiba."

Tulicheka. Hata Maricruz alicheka. Nawaambia haya ili mjue kwamba jioni zile zilikuwa nzuri. Ubaya ukija na uso wake, unaufungia mlango. Huu ulikuja ukavuta kiti, ukaomba kahawa nyingine.

Nilipanga kama mtu anayepanga harusi. Petroli ya akiba kwenye madumu, maana ukishaipita El Rosario hakuna kituo, ila watu wanaouzia kwenye mapipa kando ya barabara kwa bei ya kukuliza. Magurudumu mawili ya ziada, kwa sababu ya mawe. Kuni kutoka huku nyumbani. Nyama kavu ya kuponda kwa siku ambazo nyama inaruhusiwa, maharage na samaki kwa Ijumaa. Nilisukuma tortila za unga wa ngano mpaka viwiko vikaniuma. Nikapanga kwenye sufuria kapirotada ya Kwaresima, mkate na sukari guru na jibini na karanga, tabaka juu ya tabaka, kama Mama Chayo alivyonifundisha nilipoolewa.

Mama Chayo alinisisitizia jambo moja. "Juma Kuu halikosi mwezi mpevu, na mwezi mpevu haukosi bamvua, maji yakajaa kupita kiasi. Usipige hema pale mchanga unapokuita. Panda juu, juu ya mwani mkavu. Bahari ya siku hizo haina adabu."

Kisha akauliza swali ambalo kila familia ya rasi hii huliuliza.

"Nani atatangulia kushika nafasi?"

Kufikia Alhamisi Kuu, miji yote inakuwa ufukweni. Kwa hiyo mtu mmoja hutangulia. Anapigilia vigingi, anazungusha kamba, anakaa ndani ya kamba. Kamba yenye mtu inaheshimiwa hata na mlevi. Kamba isiyo na mtu ni takataka, anayekuja anaifungia mbwa wake. Aliyeshika nafasi haendi popote mpaka watu wake wafike.

"Mimi nina kazi mpaka Jumanne," Heriberto akasema. "Na mahali pa Mama anayepajua ni shemeji. Pale chini ya kilima cha mawe."

"Na Mama atatunzwa na nani?" nikauliza.

"Kwani mimi si mkwe wake?" Maricruz akasema, bila kuinua macho.

Mama Chayo akanishika mkono. "Nenda, mwanangu. Jumatano nitakuwa nimeketi kwenye mchanga wako."

Nilisali kabla ya kukubali. Nikapata amani moyoni, nikadhani ndiyo jibu. Siku hizi najua kwamba amani nyingine ni uchovu tu.

Jumapili ya Matawi, baada ya misa ya kwanza, nilipanda lori la Mzee Cástulo anayepeleka barafu kule ghubani. Tawi langu la mtende nilimwachia Mama Chayo kichwani pa kitanda. Kwenye kizuizi cha jeshi, askari kijana alichungulia ndani.

"Mnakwenda wapi?"

"Kumpeleka huyu akashike nafasi," Mzee Cástulo akajibu.

"Nishikie na mimi, mama. Mimi mdogo, najikunja."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kucheka wiki ile.

Nilifika, nikapanda juu ya mwani mkavu, nikapigilia vigingi. Nikazungusha kamba mahali pa kutosha mahema matatu na meko. Katikati nikatandika turubai moja, ndoo ya kukalia, maji yangu, rozari yangu. Jumatatu nilikuwa peke yangu na ndege. Jumanne magari yakaanza kushuka. Jumatano ufuko ulikuwa mji.

Jirani yangu alikuwa Bi Tencha, mama mnene kutoka Mexicali, aliyekuja na wakwe, wajukuu na kasuku.

"Wako wanakuja leo?" akaniuliza Jumatano asubuhi.

"Leo."

Jioni akauliza tena, nikasema labda gari limepata tatizo. Mtandao huko haupo, kwa hiyo kila mtu ana haki ya kupata tatizo.

Alhamisi Kuu akanijia na sahani ya maharage. "Jirani, watu wako wanakuja kwa gari au kwa magoti?"

"Watakuja."

"Kama ni kwa magoti tuwasubiri Pentekoste."

Wakwe zake wakacheka. Nikala maharage. Yalikuwa matamu.

Siku hiyo niliwafukuza watu wengi. Wanandoa kutoka San Quintín. Vijana wenye gitaa. Kila mmoja alitazama ule mchanga mtupu ndani ya kamba, akanitazama mimi juu ya ndoo.

"Mama, humo ndani mna nani?"

"Familia yangu."

"Mbona hatuwaoni?"

"Wanakuja."

Kijana mmoja akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, "Muache. Huyo anawalindia mizimu." Nilisikia vizuri. Nikavuta kamba ikakaza zaidi.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu watu walikwenda kanisani kijijini kwa Njia ya Msalaba. Mimi sikwenda. Tangu nibatizwe sikuwahi kuikosa, na siku ile niliikosa kwa ajili ya mchanga. Kengele hazipigwi siku hiyo, wanagonga vibao. Nilikuwa nasikia vibao kwa mbali, nikajisomea vituo peke yangu nikiwa nimekaa kwenye ndoo, jicho moja kwa Bwana na jingine kwa vigingi.

Wakati bahari imekupwa mbali kabisa, ilishuka familia kutoka Tecate. Mume anaitwa Gildardo, mke Yesenia, na kitoto kichanga cha wiki chache kifuani. Ufuko umejaa. Wakaona mchanga mpana, laini, chini kule, hauna mtu. Wakafurahi. Wakaanza kupiga hema.

Nilikwenda mpaka mwisho wa kamba yangu. "Kaka, hapo maji yanafika. Leo ni bamvua."

Gildardo akaitazama bahari iliyokuwa mbali, akacheka. "Mama, una kiwanja cha mpira peke yako, na bado unataka na hiki?"

"Waache," Bi Tencha akasema nyuma yangu. "Chumvi itawafundisha."

Adhuhuri maji yakarudi. Hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama mdai, hatua kwa hatua, hayaongei. Yakachukua viatu. Yakachukua kasha la barafu. Gildardo alipoamka usingizini, hema lilikuwa linaelea upande mmoja na Yesenia amesimama na mtoto, maji magotini, haulizi kitu, analia tu.

Gildardo alipanda mpaka kwenye kamba yangu, ameloa mpaka kifuani. Hakuivuka. Nitakumbuka siku zote kwamba hakuivuka.

"Mama, nilikosa adabu asubuhi. Nakuomba pembe moja tu ya mtoto."

Nikasema, "Watu wangu wanakuja."

Nilisema hivyo. Saa ile ile ambayo kijijini walikuwa wanamshusha Bwana msalabani, mimi nilimwambia mtu mwenye mtoto mchanga kwamba mchanga mtupu una wenyewe. Gildardo aliinamisha kichwa, akageuka.

Nilifumba macho nikasali. Niliomba Mungu anithibitishie kwamba nimefanya sawa, kwamba neno nililompa shemeji ni neno, kwamba nikipoteza nafasi hii nimepoteza chumba changu na Mama Chayo pia. Sikupata amani. Sikupata chochote. Nilisikia kile kitoto tu.

Nikainuka, nikafungua kamba.

"Gildardo. Rudi. Njooni wote. Si pembe, njooni katikati."

Bi Tencha alikuja na blanketi kavu, akamchukua mtoto. Kabla jua halijazama hema lao lilikuwa limesimama pale nilipompangia Mama Chayo, na watu wengine wawili walioloa nao wakaingia na mahema yao. Nikabaki na turubai langu na ndoo. Yesenia alinipa kahawa. Nilijiambia, basi, hawaji. Watakuwa wamebadilisha mawazo. Nitarudi na lori la barafu la Mzee Cástulo, tutacheka.

Jumamosi Kuu, jua likiwa limepanda, gari la Heriberto likashuka kilima.

Nilikimbia. Na umri huu nilikimbia kwenye mchanga. Mama Chayo alikuwa kiti cha nyuma, amevaa kofia ya majani ya safari. Maricruz mbele, miwani ya jua usoni.

Heriberto akashuka, akatazama mahema ya watu. "Nafasi yetu iko wapi?"

"Shemeji, mliahidi Jumatano. Jana maji yaliwachukua hawa, wana mtoto mchanga..."

"Jambo moja," akasema kwa sauti ili watu wasikie. "Jambo moja tu tulikuomba kama familia."

Nikaanza kuomba msamaha. Mimi, niliyelala peke yangu wiki nzima kwenye mchanga, nikaomba msamaha. Nikamwambia nitawaomba akina Gildardo wasogee, kesho wanaondoka, moto nitauwasha mimi, chakula kipo. Nikazunguka nyuma ya gari nisaidie kushusha vitu.

Nilitafuta mahema, sikuyaona. Hakukuwa na maji. Hakukuwa na kuni wala madumu wala sufuria ya kapirotada. Kulikuwa na cherehani yangu, imefungwa kwa shuka langu, na mifuko miwili yenye nguo zangu.

Heriberto aliishusha cherehani mwenyewe, akaiweka mchangani. Kisha mifuko.

"Nilitaka kukuambia taratibu," akasema, "lakini umenirahisishia kazi. Mtu asiyeweza kulinda mchanga hawezi kuachiwa mama yangu. Yeye anakuja kukaa kwetu Tijuana. Wewe tafuta ustaarabu wako."

"Nitarudi nyumbani vipi?"

"Nyumbani wapi?"

Nilihisi watu wamesimama nyuma yangu, sikugeuka kuwatazama. Unapoaibishwa, huruma ya watu nayo inauma.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama Chayo alitanguliza fimbo, akafuata mwenyewe, taratibu, akitweta. Gildardo akaruka kumshika mkono. Alitembea mpaka kwenye ndoo yangu, akaketi.

"Mama, rudi kwenye gari," Heriberto akasema.

"Mimi nimekuja baharini. Ulisema unanileta baharini."

"Umeiona. Twende."

Mama Chayo alinivuta chini mpaka nikapiga magoti mbele yake. "Jumatatu walikuja watu kupima madirisha, mwanangu. Mwanamke na futi yake. Anataka kujua kama mapazia yake yatatosha. Nikamwuliza, mapazia ya nini? Akanionea haya. Heriberto ameiuza nyumba."

Niligeuka kumtazama Heriberto. Alikuwa ameshika kiuno, kama mtu anayesubiri mvua iishe.

"Nyumba ni ya Mama," akasema. "Na Mama ni wangu. Wewe ulikuwa mgeni wa marehemu kaka yangu, na mwenyeji akifa, mgeni wake anaaga. Nimemaliza. Na kama huyu bibi anang'ang'ania hapa, mchukue. Sema mbele ya watu hawa wote kwamba unamchukua, sidaiwi tena kitu na yeyote kati yenu."

Nilitazama turubai langu. Nilikuwa na maji ya siku moja. Sikuwa na gari, sikuwa na mlango wa kuurudia. Na mkono wa Mama Chayo ulikuwa kwenye kifundo cha mkono wangu, mwepesi. Nikafungua mdomo nijibu.

"Ngoja," Mama Chayo akasema. "Usimjibu bado. Kuna jambo nilikuficha, na Mungu anisamehe."

"Mama anachanganyikiwa," Heriberto akasema. "Ni jua hili. Maricruz, lete maji."

Maricruz hakutoka garini.

"Ile nyumba si yangu," Mama Chayo akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ya yule mama niliyemkuta nilipoolewa. "Niliiandikisha kwa jina la Eleuterio mwaka ule alipokuoa. Alipokufa ikawa ya mjane wake. Nilinyamaza, nikiogopa kwamba wakijua watakung'oa mapema. Nilinyamaza vibaya."

"Mama," Heriberto akasema. Mara hii alisema polepole.

"Jumatatu walinipeleka kwa wakili. Wakanikalisha pembeni na glasi ya juisi, kama mtoto. Karani akatoka, akaita jina la mwenye nyumba aje atie sahihi ya kuuza. Librada, mjane wa Eleuterio. Nikageuka huku na huku nikutafute. Nikakumbuka wewe uko huku, unatulindia mchanga."

Akainua fimbo yake, akaielekeza kwenye dirisha la mbele la gari, alipoketi Maricruz.

"Yule pale ndiye aliyeitika."